Vivumishi vya Kipolandi: jedwali, hali moja moja, au virai?

Kivumishi cha Kipolandi huifuata nomino yake kwa mambo matatu: jinsia, idadi, na kazi ambayo nomino hiyo inafanya ndani ya sentensi. Mawili ya kwanza si mageni kwetu. Mtu aliyekua akisema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri hana haja ya kuelezwa upatanisho wa kisarufi ni kitu gani. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, wao wanabadilisha mwisho wake.

Jambo la tatu ndilo linalowatoa watu jasho. Wapolandi huliita przypadek, wanaisimu wetu huliita uhusika, nami hapa nitasema "hali" tu. Kiswahili kina kivuli chake: tunasema nyumba yangu, lakini nyumba hiyo ikigeuka kuwa mahali tunasema nyumbani kwangu. Neno linaloandamana na nomino limebadilika kwa sababu nomino imebadilisha kazi. Kipolandi hufanya hivyo kila mahali, na hali zake ni 7.

Mwanafunzi anayeanza ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni jedwali: unakariri kivumishi kimoja katika hali zote, kisha unavipitisha vingine kwenye kalibu hiyo hiyo. Ya pili ni hali moja moja, mpango wa vitabu vingi vya darasani: wiki hizi tunasoma hali hii, mwezi ujao ile, mpaka ziishe. Ya tatu ni virai: hujifunzi pomidorowa ("ya nyanya") peke yake, bali unajifunza zupa pomidorowa, zupę pomidorową, bez zupy pomidorowej (supu ya nyanya; bez ni "bila") kama vipande vizima, na kanuni unaikuta baadaye. Niseme mapema kwamba ninayoipa alama za chini kabisa ni ile ya pili, ingawa ndiyo iliyozoeleka zaidi.

Jedwali lenyewe

Tuchukue nowy, yaani "mpya".

| Hali | Kiume | Kati | Kike | Wingi: wanaume | Wingi: wengine wote |
|---|---|---|---|---|---|
| Mianownik (mtenda, jina likitajwa) | nowy | nowe | nowa | nowi | nowe |
| Dopełniacz (umilikaji, kutokuwepo) | nowego | nowego | nowej | nowych | nowych |
| Celownik (anayepewa) | nowemu | nowemu | nowej | nowym | nowym |
| Biernik (mtendwa) | nowy / nowego | nowe | nową | nowych | nowe |
| Narzędnik (kwa kitu, pamoja na) | nowym | nowym | nową | nowymi | nowymi |
| Miejscownik (mahali, habari za) | nowym | nowym | nowej | nowych | nowych |

Kwenye biernik ya kiume, nowy ni ya visivyo na uhai, nowego ni ya viumbe hai. Hali ya saba, wołacz, ya kuita mtu, sikuiweka kwa sababu kivumishi chake ni kile kile cha mianownik.

Hali 7 kwa safu 5 ni visanduku 35, na namba hiyo ndiyo inayofanya watu wafunge kitabu. Sasa hesabu maumbo badala ya visanduku: nowy, nowe, nowa, nowi, nowego, nowej, nowemu, nową, nowym, nowych, nowymi. Ni 11. Kivumishi kama tani ("rahisi" kwa bei) kina 10 tu, maana umbo lake la kiume umoja na la wanaume wengi ni moja.

Hapa ndipo ninapoachana na mpango wa hali moja moja. Anayeufuata hukutana na nowej katika dopełniacz, baadaye tena katika miejscownik, na mwishoni mwa kozi katika celownik, kila mara kama somo jipya. Nowym nayo itamjia kwenye narzędnik, kwenye miejscownik, kisha kwenye celownik ya wingi. Amefanya kazi mara tatu kwa umbo moja, na hakuna aliyemwambia kuwa ni lile lile. Mpango huo ulitungwa kwa kuangalia nomino, na kwa nomino una haki yake: książka ("kitabu") huwa książki katika dopełniacz lakini książce katika celownik na miejscownik, na miisho ya nomino za kiume ina vurugu zaidi ya hapo. Vivumishi vimetulia kuliko nomino. Kuviburuta kwa mwendo wa nomino ni kuvifanya vigumu bure.

Kwenye kaunta ya bar mleczny

Bar mleczny ni mkahawa wa chakula cha kawaida kwa bei ndogo, ambao wanafunzi na wazee wa miji ya Polandi hula mchana. Menyu iko ukutani, na kila kitu kimeandikwa katika mianownik: zupa pomidorowa (supu ya nyanya), barszcz czerwony (supu ya kiazisukari nyekundu), pierogi ruskie (maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini laini ndani), sok jabłkowy (maji ya tufaha), woda niegazowana (maji yasiyo na gesi). Foleni inasogea, zamu yako imefika, na huna muda wa kupekua visanduku 35 kichwani.

Unasema "Poproszę", naomba, na hilo linaleta biernik. Tazama kinachotokea. Barszcz czerwony inabaki barszcz czerwony, kwa kuwa ni kiume kisicho na uhai. Pierogi ruskie inabaki vile vile, maana ni wingi usiohusu wanaume. Sok jabłkowy haigusiki. Vinavyobadilika ni vya kike tu: zupę pomidorową, wodę niegazowaną. Kwa anayeagiza chakula, hali hii ya kutisha imekuwa kanuni moja fupi: kikiishia na -a, nomino inachukua -ę na kivumishi -ą.

Kisha mhudumu anajibu: "Nie ma pomidorowej." Hakuna ya nyanya. Ukanushaji wa kuwepo unadai dopełniacz, kwa hiyo pomidorowa imekuwa pomidorowej. Na angalia, hakuitaja supu kabisa. Wapolandi huangusha nomino inayojulikana na kuacha kivumishi kibebe kila kitu, kama sisi tunavyosema "nipe ile ndogo". Usipousikia mwisho wa kivumishi, hapo hujasikia hali hata kidogo.

Jirani yako kwenye foleni naye anaagiza kotlet schabowy, kipande cha nyama ya nguruwe kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Kwa jedwali, kitu kisicho na uhai kingepaswa kubaki schabowy. Yeye anasema "Poproszę schabowego." Ndivyo watu wanavyosema. Vivyo hivyo mtu akinunua kompyuta ya mkononi atakuambia "mam nowego laptopa", na mwenye gari "mam nowego mercedesa", kana kwamba kompyuta na gari vinapumua. Kundi la vitu vya kiume vinavyochukuliwa kama viumbe hai ni kubwa, na jedwali halikuonyeshi ni vipi. Anayejifunza kwa virai hana taabu hapo. Ameshachukua nowego laptopa kama kitu kimoja.

Virai vina faida nyingine ambayo jedwali haliwezi kukupa: hali ngumu unazipata siku ya kwanza bila kujua. Anayeanza kula huambiwa "Smacznego!", dopełniacz ya smaczny, "tamu", kwa sababu nyuma yake kuna kitenzi "nakutakia" kilichoachwa. Ndivyo ilivyo kwa "Miłego dnia!" (siku njema), "Szerokiej drogi!" (safari njema, kwa anayekwenda na gari), "Wszystkiego najlepszego!" (kila la heri) na "Szczęśliwego Nowego Roku!" ya mwaka mpya. Mtu aliyekaa Polandi majuma machache ana -ego na -ej mdomoni kabla darasa halijafika kwenye dopełniacz.

Majina ya watu na mitaa

Somo la bure kabisa limo kwenye majina ya ukoo, na mpenzi wa soka analo tayari. Majina ya -ski na -cki hubadilika kama vivumishi. Sikiliza mtangazaji wa Kipolandi: anapiga Lewandowski, goli la Lewandowskiego, amempa mpira Lewandowskiemu, anacheza na Lewandowskim, wanazungumza o Lewandowskim. Safu nzima ya kiume umepewa na mchezaji mmoja, pamoja na biernik ya viumbe hai, "widzę Lewandowskiego". Mkewe ni Lewandowska, na habari zake ni o Lewandowskiej. Wote wawili ni Lewandowscy, ambapo k imegeuka c, jambo ambalo nitalirudia.

Anwani nazo zinafundisha. Barabara kuu ya Łódź ni Piotrkowska, na ukiwa pale uko na Piotrkowskiej (hiyo na ni ya Kipolandi, yaani "kwenye"). Warsaw kuna Nowy Świat. Unakaa na Nowym Świecie. Mji wa Zielona Góra: unakwenda do Zielonej Góry, unaishi w Zielonej Górze. Hapo kwenye Zielona Góra utaona nilichosema juu: nomino imetoa maumbo mawili, Góry na Górze, na kivumishi kimetosheka na Zielonej. Chuo kikuu kimojawapo cha Lublin kina jina la mwanasayansi Maria Skłodowska-Curie, na katika jina rasmi ni Marii Curie-Skłodowskiej. Anayesoma pale ataliandika kwenye fomu kila mara na hatakosea -skiej maisha yake yote.

Usisahau tahajia: baada ya k na g, i hujipenyeza mbele ya e, na y huwa i. Ndiyo maana ni wysoki, wysokiego, wysokim, si "wysokego". Baada ya ch haifanyi hivyo: cichy, cichego. Hilo ni jambo la dakika tano, na jedwali linalimaliza vizuri kuliko virai.

Virai vinapokwama

Safu ya nne ya jedwali, ya wanaume kwa wingi, ndiyo inayoaibisha njia ya virai. Kipolandi kwa wingi hakijali kiume na kike. Kinauliza swali moja tu, je, yumo mwanamume? Wanawake wapya ni nowe, mbwa wapya ni nowe, meza mpya ni nowe. Wanaume wapya ni nowi, na akiingia mwanamume mmoja kati ya wanawake kumi, wote wanakuwa nowi. Sisi nasi tuna kanuni inayoikata ngeli kwa uhai, ndiyo maana tunasema kifaru mkubwa wala si kifaru kikubwa, lakini mstari wetu umewajumuisha wanyama. Wa kwao umewaacha nje pamoja na wanawake, na kuna wanaoulalamikia huko huko.

Kikwazo hasa ni konsonanti. Mwisho wa safu hii hulainisha herufi iliyo mbele yake:

dobry – dobrzy
wysoki – wysocy
drogi – drodzy
młody – młodzi
bogaty – bogaci
mały – mali
duży – duzi
cichy – cisi
starszy – starsi

Mara nyingine irabu nayo inahama: wesoły huwa weseli, zmęczony huwa zmęczeni. Hatuna haki ya kushangaa, sisi tunaotoa ndefu kutoka -refu na njema kutoka -ema. Lakini kwa virai pekee utasubiri sana kukutana na cisi au duzi mara za kutosha. Utakayoyapata ni ya barua na hotuba, "Szanowni Państwo" na "Drodzy Państwo", kisha kimya. Hapa kaa chini na orodha, k kwa c, g kwa dz, r kwa rz, t kwa ci, ukariri. Hakuna njia ya mkato niijuayo.

Virai hukwama pia sentensi inapogeuzwa. Umejifunza "mam czarną kawę", nina kahawa nyeusi. Ukiikanusha, mtendwa huhamia dopełniacz: "nie mam czarnej kawy". Aliyekariri kirai kimoja atasema "nie mam czarną kawę", ataeleweka, na atasahihishwa. Dawa ni kuchukua virai kwa jozi tangu mwanzo, cha kukubali na cha kukataa, badala ya kimoja kimoja kama programu nyingi za simu zinavyopenda.

Fedha, tarehe na saa

Sehemu hii inapuuzwa darasani na ndiyo inayotumika kila siku. Fedha ya Polandi, złoty, ni kivumishi, "ya dhahabu", na inabadilika hivyo hivyo. Ni 1 złoty. 2, 3 na 4 ni złote. Kuanzia 5 ni złotych. Namba inayoishia na 2, 3 au 4 inarudi kwenye złote, 22 złote, 34 złote, isipokuwa 12, 13 na 14 ambazo ni złotych. Na 21, usidanganyike na ile 1 ya mwisho, ni 21 złotych. Ukiacha nomino za wanaume, kanuni hii ndiyo ya vivumishi baada ya namba: dwie nowe książki, lakini pięć nowych książek. Anayelipa dukani kila siku anaijua kabla ya kuisoma.

Mwezi wa pili, luty, nao ni kivumishi kwa umbo: w lutym, na tarehe mosi ni pierwszego lutego. Saa hutajwa kwa namba za mpangilio katika jinsia ya kike: o ósmej ni saa 2 asubuhi kwa hesabu yetu, na duka la kuanzia 8.00 hadi 16.00 liko wazi od ósmej do szesnastej. Tena -ej, kwa dopełniacz na miejscownik sawasawa. Jifunze kupanga miadi kwa Kipolandi na nusu ya safu ya kike imeisha.

Nani achague nini

Anayekwenda mwaka wa maandalizi ya lugha, kama ule wa kituo cha Chuo Kikuu cha Łódź kilichoanza kupokea wageni mwaka 1952, atapewa hali moja moja apende asipende, maana ndivyo ratiba inavyokwenda. Asipigane na mwalimu. Aandike maumbo 11 kwenye kadi, na kila hali mpya ikifundishwa aongeze kazi yake mpya chini ya umbo linalohusika. Kadi ya -ej itakuwa na mistari mitatu mwisho wa mwaka, na atakuwa ameona mapema ambacho wenzake wataona kabla ya mtihani.

Anayejiandaa kwa mtihani wa serikali wa ngazi ya B1, ambao cheti chake ni mojawapo ya njia za kuthibitisha lugha kwa anayeomba uraia, hawezi kulikwepa jedwali. Mtihani una sehemu inayopima usahihi wa sarufi peke yake, mbali na kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kwenye karatasi unao muda wa kufikiri, na jedwali hufanya kazi vizuri pale penye muda. Huyu na ile orodha ya konsonanti wasiachane.

Aliyekwenda kufanya kazi, ghalani, jikoni au kwenye gari la kusambaza mizigo, aanze na virai na aachane na majina ya hali kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ajue kinachokuja baada ya vihusishi vichache: do nowego, do nowej (kwenda kwa), z nowym, z nową (pamoja na), w nowym, w nowej (ndani ya), bez nowego, bez nowej (bila). Hivyo vinne, kwa kiume na kike, vimebeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya kazini. Wingi wa wanaume usubiri. Akisema nowe pale pa nowi, wenzake watatabasamu na kazi itaendelea.

Aliyeoa au kuolewa na Mpolandi ana mwalimu nyumbani, lakini mwalimu huyo mara nyingi hajui kwa nini anasema anavyosema. Usimwulize kanuni. Mwulize, "Hii ikikosekana unasemaje? Ukiwa pamoja nayo unasemaje? Ukiizungumzia unasemaje?" Majibu hayo matatu ni dopełniacz, narzędnik na miejscownik, na yatatoka mdomoni mwake bila kigugumizi.

Mimi mwenyewe, kama ningepanga kozi ya wasemaji wa Kiswahili, ningeanza na virai kwa jozi, ningeleta maumbo 11 mapema yakiwa yamepangwa kwa umbo na si kwa hali, halafu ningetenga siku kadhaa kwa konsonanti za wingi wa wanaume. Hali moja moja ningeiacha kwa nomino.

Vilivyobaki pembeni

Vivumishi vichache havibadiliki hata kidogo, kama vile safi na ghali visivyobadilika kwetu: bordo (rangi ya damu ya mzee), blond, super, mini. Huwekwa popote kama vilivyo.

Na mji wa milimani wa Zakopane ni kivumishi cha jinsia ya kati, kwa hiyo wageni husema "w Zakopanym", na jedwali liko upande wao. Mwaka 1936 kanuni za tahajia zilipounganisha miisho ya zamani -em na -ym kuwa -ym, majina ya miji ya namna hii yaliachwa na -em yake. Husemwa w Zakopanem, na w Wysokiem Mazowieckiem. Dopełniacz yake ni ya kawaida, do Zakopanego, na basi la kwenda huko limeandikwa Zakopane tu.